Je, Wajua? Mataifa yaliyokutana Kibaha

Je, wajua kwamba Kwa Mathias ni mtaa wa Kibaha, mji uliojengwa kwa mikono ya mataifa mengi? Mwaka 1963, Tanganyika na nchi za Nordic, zikiwemo Sweden, Denmark, Norway na Finland, zilianzisha Kibaha kituo cha kupambana na ujinga, maradhi na umaskini: sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Tanzania, kikawa Shirika la Elimu Kibaha.

Mwaka 2022 ikazinduliwa Kwa Mfipa, pia mjini Kibaha, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vya ukombozi, iliyojengwa kwa msaada wa China. Wana Kibaha, tuuenzi urithi huu.