Je, Wajua? Pua Imezoea, Mapafu Bado

Je, wajua kwamba dakika chache tu baada ya kufika karibu na jaa la taka la Mwakirunge, Mombasa, pua yako huanza kunyamaza? Vipokezi vya harufu vilivyo juu kabisa ndani ya pua vikichochewa na harufu ileile mfululizo hupunguza ishara, na ubongo, ambao hushughulika zaidi na kinachobadilika kuliko kinachodumu, huiweka harufu hiyo kando. Ndiyo maana mgeni anayeshuka kwenye pikipiki kutoka Bamburi huziba pua kwa leso, huku mama anayekaanga viazi kando ya barabara ya malori ya taka akimtazama kwa mshangao. Huyo mama akienda matanga Kaloleni siku kadhaa, akirudi atalisikia jaa upya, kisha pua itanyamaza tena.

Jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, mzigo wa taka za Mombasa ulizidi kuelekezwa Mwakirunge, na mjini jibu likawa jepesi: "Wale wameshazoea." Kilichozoea ni pua. Mapafu hayana mazoea ya namna hiyo, na moshi wa taka zinazoungua huingia vilevile kwa anayeusikia na asiyeusikia.

Je, wajua kwamba harufu ikipotea ghafla inaweza kuwa habari mbaya? Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza, ikizidi kiasi cha sehemu 100 kwa milioni hewani hupooza uwezo wenyewe wa kunusa. Mtu hudhani gesi imekwisha, kumbe imezidi. Jaani kuna upepo, si rahisi ifike hapo. Hatari iko kwenye mashimo ya choo na ya maji taka: mmoja anaingia anaanguka, wa pili anamfuata kumwokoa, naye anaanguka.

Je, wajua kwamba moshi unaweza kumfanya mtu aonekane kalewa bila kuonja mnazi? Taka au makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati, kwa hiyo ndio wa kwanza kulalamika: kichwa kinauma, maneno yanachanganyika, miguu inayumba.

Je, wajua kwamba mtoto "mtundu asiyesikia" huenda ana madini ya risasi kwenye damu? Hapa nitakaa kidogo, maana kisa ni cha kwetu bara ya Mombasa. Mtaani Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kando ya nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe akaugua, akatibiwa maradhi mengine, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Omido akaacha kazi, akaanza kudai haki pamoja na wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Risasi hufanya nini ndani ya kichwa? Hujifanya kalisiamu. Seli za ubongo hutumia kalisiamu kupitishiana habari, nazo haziwezi kumtambua mdanganyifu huyu, basi humfungulia mlango. Tumbo la mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya la mtu mzima, tena katika umri ambao ubongo ndio kwanza unajengwa. Matokeo yake hayaonekani kama ugonjwa. Yanaonekana kama tabia: hatulii darasani, anasahau alichotumwa dukani, anakasirika upesi. Mwalimu anamchapa, mzazi anamwombea dua. Risasi nyingine hujificha mifupani miaka na miaka, na mwanamke akipata mimba, mifupa ikitoa kalisiamu ya kumjenga mtoto, risasi nayo hutoka pamoja nayo. Kiwango salama hakijulikani. Anayevunja betri ya gari uani ili amuuzie mtu wa skrepa anawalisha watoto wake vumbi hilo.

Je, wajua kwamba uzito wa saa saba mchana wakati wa kaskazi si uvivu? Msuli unapofanya kazi huzalisha joto. Jasho hupoza likikauka, na hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hudondoka tu bila kusaidia. Ubongo hupima joto la damu, na ukiona linapanda hupunguza kasi ya mwili kabla hujaamua lolote. Wazee waliojenga baraza zenye kivuli na kulala baada ya adhuhuri hawakuhitaji kipimajoto.

Je, wajua kwamba teja wa Kisauni au Likoni anayeiba sufuria mara nyingi hatafuti raha? Mwili una dawa yake ya maumivu unayoitengeneza wenyewe. Unga, yaani heroini, hukalia vipokezi vya dawa hiyo kwa wingi mno hadi mwili unarekebisha mambo yake ukiutegemea. Unga ukikatika, arosto huanza: mifupa inauma, makamasi, miayo, kuhara, usingizi hakuna. Methadoni hukalia vipokezi vilevile, ila polepole, na dozi moja ya kunywa mbele ya muuguzi hutosha karibu siku nzima. Kenya ilianza kuitoa Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, Malindi ikafuata 2015.

Je, wajua kwa nini muguka, yale majani ya jamii ya miraa, husafirishwa mbiombio? Kathinoni, kiini cha handasi (uchangamfu wa mtafunaji), huisha nguvu majani yakinyauka, kwa kawaida ndani ya siku mbili hivi. Ndiyo inayousukuma ubongo umwage dopamini, mtu akaongea usiku kucha na kesho akanuna. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, kesi zikaanza papo hapo.

Na mbwa wa jaani? Virusi vya kichaa cha mbwa havipiti kwenye damu. Hupanda kwa mishipa ya fahamu kutoka jerahani hadi ubongoni, humfanya mnyama awe mkali, na hujaa kwenye mate yake wakati huohuo anapotamani kuuma. Kuumwa usoni huwa hatari upesi kuliko kuumwa mguuni, kwani safari ya kwenda kichwani ni fupi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba wake ni mzima.