Upotevu wa Nywele Utosini: Lawama Inapotangulia Uchunguzi

Mwanamke anapolalamika kwamba nywele zinapungua utosini, aghalabu hupokewa kwa lawama: amezidisha dawa, au ameziunguza kwa chanuo la moto. Lawama hiyo ina historia. Mwaka 1968, madaktari nchini Marekani walieleza upotevu wa nywele unaoanzia utosini na kuacha kovu miongoni mwa wanawake Weusi, wakaunasibisha na chanuo la moto. Baadaye ilidhihirika kwamba ugonjwa huo huwapata hata wasiolitumia chanuo hilo. Mwaka 2019, watafiti waliripoti kuwa baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko katika jeni ya PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Mitindo ya nywele huenda ikachangia, lakini haitoshi kuwa maelezo.

Dhana nyingine hudai kuwa nywele za kipilipili ni sugu na hazikui. Ukweli ni kwamba hukua, ila hukatika upesi, kwa kuwa kila mahali unywele unapojipinda huwa dhaifu. Aidha, mafuta ya asili ya ngozi hayafiki kwa urahisi kwenye ncha, hivyo nywele hukauka. Kuziosha kila siku huzidisha ukavu. Kwa watu wengi, mara moja kwa wiki moja au mbili hutosha. Zichanwe zikiwa na unyevu, kwa chanuo lenye meno mapana.

Kinachopotezwa na dhana hizi ni muda. Nywele zinazopungua kwenye panja kwa sababu ya misuko iliyokazwa huweza kuota tena iwapo misuko hiyo italegezwa mapema. Mvuto ukiendelea kwa miaka, upotevu huwa wa kudumu. Katika ugonjwa wa utosini, vinyweleo vikishageuka kovu havioteshi nywele tena. Tiba hulenga kuzuia kovu lisienee.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya aombe ruhusa, nywele zifumuliwe, kisha aikague ngozi yenyewe. Aulize kuhusu mwasho, maumivu, na ndugu wa damu wenye tatizo kama hilo. Naye mgonjwa afahamu kwamba msuko unaouma umekazwa kupita kiasi, na kwamba utosi unaowasha huku nywele zikipungua ni sababu ya kufika kliniki ya ngozi mapema.