MAUMIVU SUGU, FIKRA HASI NA MAUMBILE YA UBONGO

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu majeraha ya moyo, lakini ina ukweli hata kwa majeraha ya mwili. Wapo watu ambao kidonda kimefunga na mfupa umeunga, ilhali mgongo ungali unawauma. Maumivu yanayodumu au kurejea kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Vipimo visipoonyesha kasoro, mgonjwa wa aina hii huambiwa, "Hayo ni mawazo tu." Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kauli hiyo ina kosa, na kwamba kosa lenyewe limo katika neno "tu".

Maumivu na fikra

Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango. Kwa mujibu wao, ishara zitokazo mwilini hupitia katika uti wa mgongo, mahali panapofanya kazi mithili ya lango, na ubongo hushiriki katika kulifungua na kulifunga. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimerekebishwa, lakini wazo lake kuu limesalia: ubongo haupokei maumivu kama debe lipokeavyo maji, bali hushiriki kuyaunda.

Fikra nazo zina nafasi katika kazi hiyo. Kipimo kilichobuniwa na Michael Sullivan na wenzake mwaka 1995, chenye kauli 13, hubainisha sura tatu za fikra hasi kuhusu maumivu. Kwanza, mgonjwa huyarudiarudia akilini asiweze kuyaacha. Pili, huyakuza, akaona kila kichomi ni dalili ya balaa. Tatu, hujiona hoi, asiye na la kufanya. Wenye fikra hizi kwa wingi aghalabu huripoti maumivu makali zaidi.

Maumbile ya ubongo

Mwaka 2004, Vania Apkarian na wenzake wa Chicago walichapisha matokeo ya kulinganisha picha za ubongo za wagonjwa 26 wa maumivu sugu ya mgongo na za watu wasio na maumivu. Tishu ya kijivu, yenye seli nyingi za neva, ilikuwa imepungua kwa wagonjwa, hasa katika thalamasi, inayopitisha ishara za hisi, na katika sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kupanga, kuelekeza makini na kudhibiti hisia. Pale mdhibiti anapodhoofika, si ajabu fikra za hofu zikatawala.

Hata hivyo, yafaa tutahadhari. Picha moja haitwambii kipi kilitangulia: maumivu, fikra au upungufu wa tishu. Jambo la kutia moyo ni kwamba hali hii si hukumu ya kudumu. Katika utafiti mdogo wa David Seminowicz na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 13 walipata tiba ya fikra na tabia kwa wiki 11. Tishu ya kijivu iliongezeka katika sehemu kadhaa za ubongo, zikiwemo za mbele, na ongezeko katika baadhi ya sehemu hizo lilihusiana na kupungua kwa fikra hasi.

Suala la lugha

Msemaji wa Kiswahili husema "kichwa kinaniuma" au "naumwa na kichwa". Katika sentensi zote mbili, kiungo ndicho mtenda na mgonjwa ndiye mtendwa. Sarufi haimlaumu mgonjwa. Anayemwambia "ni mawazo tu" humgeuza mtendwa kuwa mtenda, kana kwamba anajiuma mwenyewe. Huenda mgonjwa huyo akaacha kueleza anavyohisi, na tiba ikamkosa.

Hitimisho

Imebainika kwamba fikra hasi kuhusu maumivu si uongo wala udhaifu wa imani. Zinahusiana na ubongo wenye umbo, na umbo hilo laweza kubadilika. Ni wajibu wetu, wapenzi wa lugha, kuwapa wauguzi na wagonjwa maneno yanayoeleza hali hii bila kulaumu. Tunaweza kuanza kwa kumwambia mgonjwa: "Maumivu yako ni ya kweli, na fikra zako ni sehemu ya tiba."