Magenge Mawili, Mtaa Mmoja

Ni nadra filamu inayotengenezwa upya kuishinda ile ya awali. Aghalabu huwa ni biashara tu: jina limekwisha kujulikana, basi na liuzwe mara ya pili. Yamkini ndiyo sababu West Side Story ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Steven Spielberg, ilipuuzwa na wengi kabla hawajaitazama, na mapato yake ya sinema hayakufidia gharama. Nashikilia kwamba walioipuuza walijinyima, na kwamba mwalimu wa fasihi aliye hapa Eldoret ana sababu kubwa kuliko wenzake ya kuiweka mbele ya wanafunzi.

Asili yake ni Romeo na Juliet ya Shakespeare. Mwaka 1949 Jerome Robbins, bingwa wa densi, aliwazia mapenzi yaliyozuiwa na uhasama wa Wakatoliki na Wayahudi wa New York. Mchezo ulipofika jukwaani Broadway mwezi Septemba 1957, wahasimu walikuwa wamebadilika: Jets, wana wa wahamiaji wa Kizungu, dhidi ya Sharks, vijana kutoka Puerto Rico. Muziki ulikuwa wa Leonard Bernstein, maneno ya nyimbo ya Stephen Sondheim, na hadithi iliandikwa na Arthur Laurents. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1961, ilitwaa tuzo 10 za Oscar.

Sifa hizo ilizistahili, kwa kuwa densi zake si kitoweo cha kuongeza ladha. Vijana wanaualisha vidole, hatua zinageuka miruko, na kabla mtazamaji hajang'amua, ngoma imekuwa vita. Hata hivyo, Maria, binti wa Puerto Rico, aliigizwa na Natalie Wood, aliyezaliwa Marekani na wazazi wenye asili ya Urusi, na sauti ya kuimba ikawa ya Marni Nixon. Kaka yake, Bernardo, aliigizwa na George Chakiris, mwenye asili ya Ugiriki. Rita Moreno, aliyecheza Anita, ni mzaliwa wa Puerto Rico hasa, lakini hata yeye alipakwa rangi ya kumfanya mweusi zaidi!

Spielberg aliwatafuta waigizaji wenye asili ya Amerika ya Kilatini, akawaacha wazungumze Kihispania bila tafsiri chini ya picha. Asiyekijua na ataabike kidogo, kama anavyotaabika mgeni sokoni kwetu wachuuzi wanapohamia lugha ya mama ghafla.

Lakini ningewasihi wanafunzi wachunguze hasa mahali ulipowekwa kila wimbo. Chukua ule ambao Maria anausifu uzuri wake kwa furaha ya kupendwa. Mwaka 1961 uliimbwa kabla ya pigano, ukawa wimbo mtamu tu. Filamu ya 2021 inaurudisha mahali pake pa jukwaani, baada ya pigano. Maria yumo kazini usiku, akisafisha duka kubwa la nguo na wenzake, anaimba na kuruka. Nasi tunajua kwamba kaka yake amekwisha kuuawa, tena na kijana huyo huyo anayemwimbia. Maneno ni karibu yale yale, ila kicheko kinatukwama kooni. Mwalimu anayehangaika kufundisha kinaya ya kidrama hatapata mfano bora.

Wimbo wa “Cool” nao ulikuwa wa genge kutulizana baada ya mauaji. Sasa umetangulia pigano: Tony anajaribu kumpokonya Riff bastola kwenye gati bovu lenye mashimo, na kila hatua ya densi ni hatari. Ule wa “America” ulichezwa usiku juu ya paa. Sasa unachezwa mchana barabarani, mtaa mzima ukiitika. Ubishi ni ule ule: kwetu ni wapi, tulikotoka au tunapoishi? Kijana aliyezaliwa Langas na akaulizwa “kwenu ni wapi?” haihitaji tafsiri yake.

Filamu hii mpya inafunguka kwa vifusi. Nyumba zinabomolewa ili kujengwa Lincoln Center, na magenge yanamwaga damu kwa ajili ya mtaa ambao hautakuwa wa yeyote kati yao. Mji wetu uliitwa Sisibo kutokana na nambari 64 ya shamba la walowezi. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Wengi wa wanafunzi wa sekondari leo hawakuwa wamezaliwa. Wanayasikia nyumbani, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na kila nyumba ina upande wake.

Je, shule zithubutu kuyaimba na kuyacheza? Mwaka 2013 mchezo wa Butere Girls, Shackles of Doom, uliokemea ukabila, ulipigwa marufuku mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia. Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilipeleka Echoes of War Nakuru. Polisi walirusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani. Si ajabu walimu wengi wanaona salama kubaki na densi bunifu za mavuno na harusi.

Rita Moreno amerudi katika filamu ya 2021, akiwa karibu na umri wa miaka 90, kama Valentina, mjane mwenye duka. Yeye ni Mpuerto Rico aliyeolewa na Mzungu. Wimbo wa kutamani mahali pa amani, uliokuwa wa wapenzi wawili mwaka 1961, sasa anauimba yeye peke yake, kwa sauti iliyochakaa. Kama mchezo huu ungehamishiwa Langas au Huruma, wimbo huo angepewa mama yupi, na auimbe kwa lugha ipi? Ningependa kukiona kikundi cha shule kikibishana juu ya hilo kabla ya mazoezi kuanza.