Njiwa Ndani ya Koltani

Mchanga mweusi mzito unaooshwa kwenye machimbo ya Kabambare na Kasongo, mkoani Maniema, huitwa koltani, jina lililokatwa kutoka kolumbiti na tantaliti. Kwa Kilatini columba ni njiwa, na wataalamu wa wanyama bado humwita njiwa wa kawaida Columba livia. Mzizi huohuo uliingia katika jina la ukoo la Christopher Columbus, ukazaa Columbia, jina la kishairi la Marekani. Mwaka 1801 Charles Hatchett, mkemia Mwingereza, aligundua elementi mpya katika jiwe lililotoka huko, akaiita kolumbi. Kila aliyeupokea mzizi alichukua alichokihitaji tu: mmoja ndege, mwingine mtu, mwingine nchi. Wenyeji wa Maniema hawashangai: Kasongo ni mji, na Kasongo Kalombo alikuwa mtawala wa Waluba, wala hakuna anayedhani kwamba jina hilo linamfanya mtu wa mji huo.

Atasema mtu kwamba, ikiwa ni hivyo, majina ya kisayansi ni mapambo. Sikubali. Mwaka 1802 Mswidi Anders Ekeberg aliita metali nyingine tantali, kwa sababu oksidi yake haikuyeyuka hata ikizamishwa katika asidi, kama Tantalo wa hadithi za Kiyunani aliyesimama majini asiweze kunywa. Mwaka 1809 William Wollaston alidai kwamba tantali na kolumbi ni kitu kimoja, na dai hilo likapotosha wengi hadi mwaka 1844, Heinrich Rose alipothibitisha kwamba ni metali mbili. Ile ya pili akaiita niobi, kwa Niobe, binti Tantalo. Hapo jina limebeba ujuzi halisi, maana metali hizi zimo katika kundi moja la elementi, hukaa pamoja katika jiwe na hutenganishwa kwa shida. Lakini udugu huo hauufuati mzizi kila mahali: tangu 1758 Linnaeus alikuwa ameshawaita korongo fulani Tantalus.

Mwaka 1949 wanakemia walikubaliana kutumia niobi na kuacha kolumbi, lakini silabi ya kwanza ya koltani bado imelihifadhi jina lililoachwa. Kwa mchimbaji hili si jambo dogo. Jina linataja madini mawili kana kwamba yana thamani sawa, ilhali bei hufuata hasa kiasi cha oksidi ya tantali. Sentimita moja ya ujazo ya tantali ina uzito wa gramu 16.7, ya niobi gramu 8.6; kwa hiyo mifuko miwili ya ujazo mmoja, yote ikiitwa koltani, inaweza kutofautiana sana kwa uzito na kwa bei. Anayeuza ana haki ya kuonyeshwa kipimo cha tantali kabla bei haijatajwa.