LAPTOPU YA ZAMANI USIITUPE: Jinsi ya kuweka Linux, na draiva zote zikakubali

Wadau wa kuuza mtandaoni, leo tuongee kuhusu ile laptopu unayoandikia oda. Wengi wetu tunatumia used: Dell, HP au Lenovo iliyowahi kufanya kazi ofisini kwa watu, ikapita Kariakoo, ikatufikia. Mashine ni nzima, kioo kizuri, kibodi ngumu. Tatizo ndani ina Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Walitoa nyongeza ya mwaka mmoja kwa waliojisajili, basi. Nyongeza ikiisha, tundu jipya likigundulika hakuna wa kuliziba.

Kwa muuzaji hilo si jambo dogo. Humo ndimo ilimo WhatsApp yako, barua pepe inayofungua ukurasa wako wa Instagram, namba za wateja na orodha ya wanaodaiwa. Mwizi akipita humo hana haja na laptopu, anachukua ukurasa. Wateja wako wanatumiwa namba nyingine ya kulipia, wewe uko gengeni unanunua vitunguu hujui kitu.

Sasa utasema, si niweke Windows 11? Angalia kwanza namba ya prosesa. Kwenye i5-3320M, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 3, yaani kizazi cha 3. i5-7200U ni kizazi cha 7. Windows 11 kwa kawaida inataka Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Laptopu nyingi tulizonazo hazifiki hapo. Na ile Windows ya kuchakachua wanayoweka mtaani kwa elfu kadhaa, hujui aliyeivunja kufuli aliacha nini ndani. Duka huwezi kumkabidhi funguo mtu usiyemjua.

Njia iliyobaki ni Linux. Ni mfumo wa bure, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Na si kitu kigeni kwetu kama watu wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa KiLinux, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mwaka huohuo ikatoka Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hilo jina ukilisikiliza vizuri ni ndugu wa neno letu "utu".

Mimi sijasomea kompyuta, nimejifunzia hapahapa dukani Mkange. Kwa hiyo nakueleza kwa lugha ya dukani.

DRAIVA NI NINI?

Chukulia laptopu ni kijiji na kila kifaa kina lugha yake. Waifai ina yake, printa ina yake, spika zina yake. Draiva ni mkalimani kati ya kifaa na mfumo. Kwenye Windows ya zamani ulikuwa unatafuta wakalimani mmoja mmoja, kwa CD au mtandaoni. Kwenye Linux wengi wao wanakaa tayari ndani ya moyo wa mfumo, unaoitwa kerneli. Ukiwasha, sauti ipo, kioo kipo, kamera ipo, hujasakinisha kitu.

Wanaosumbua ni wachache, na sababu ni moja: kampuni iliyotengeneza kifaa haikuweka wazi siri za kifaa chake. Waifai nyingi za Broadcom ziko hivyo, kadi za picha za Nvidia, baadhi ya waifai za Realtek, na baadhi ya printa. Ukijua hao, umejua karibu matatizo yote.

HATUA YA 1: OKOA MALI KWANZA

Kabla hujagusa chochote, hamisha picha za bidhaa, orodha za wateja na hesabu zako kwenye diski ya nje au Google Drive. Halafu fungua hayo mafaili kwenye kifaa kingine, uyaone yanafunguka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu. Hakikisha pia unazikumbuka nywila zako, maana zile ambazo kivinjari kilikuwa kinakukumbushia zitafutika pamoja na Windows.

HATUA YA 2: CHAGUA NA UPAKUE

Kwa anayeanza napendekeza Linux Mint. Sura yake inafanana na Windows: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia. Toleo la 22 linahudumiwa mpaka mwaka 2029. RAM ikiwa GB 4 au zaidi chukua Cinnamon. Ikiwa ndogo chukua Xfce, ni nyepesi.

Faili lina karibu GB 3. Kwa sisi wa Mkange na vijiji vya huku, hilo ni bando la maana. Pakua usiku kwa bando la usiku, au mwagize mtu wa Bagamoyo mjini au Dar mwenye waifai akuwekee kwenye flashi, ije na basi kama mizigo mingine. Faili moja likifika, kijiji kizima mnaweza kulitumia, hairuhusiwi tu bali ndiyo desturi yake.

Faili likifika, hakiki kama halijaharibika njiani. Kwenye Windows fungua Command Prompt, ingia kwenye folda lilipo, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Linganisha herufi zitakazotokea na zile zilizo kwenye tovuti ya Linux Mint. Zikitofautiana hata moja, faili limeharibika, pakua upya. Dakika mbili hizi zinakuokoa na usiku mzima wa kuhangaika.

HATUA YA 3: TENGENEZA FLASHI

Chukua flashi ya GB 8, tupu, kwa sababu kila kilichomo kitafutika. Pakua programu ndogo ya Rufus, chagua flashi, chagua faili la Mint, bonyeza Start. Ikikuuliza namna ya kuandika, kubali ile inayopendekeza yenyewe.

HATUA YA 4: JARIBU KABLA YA KUFUTA

Hapa ndo penye siri kubwa, naomba usiruke. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku unabonyeza kitufe cha kuchagua: Dell, Lenovo na Acer mara nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9. Chagua flashi, subiri mpaka uone kioo cha Mint.

Sasa kagua kama unavyokagua simu used kabla ya kutoa hela:
- Waifai inaona mitandao?
- Sauti inatoka kwenye spika na kwenye waya wa masikioni?
- Kamera na maikrofoni?
- Kibao cha kipanya, na kuteremsha kurasa kwa vidole viwili?
- Mwanga wa kioo unapanda na kushuka?
- Bluetooth inaiona simu?
- Ukifunika laptopu ikalala, ukifunua inaamka?
- Printa yako inachapa?

Itaenda polepole kwa sababu inasoma kwenye flashi, usiogope hilo. Kinachokataa andika kwenye karatasi. Kama kila kitu kimekubali, hata baada ya kusakinisha kitakubali. Kama kimoja kimekataa, unajua mapema na Windows yako bado ipo. Hujapoteza kitu.

HATUA YA 5: SAKINISHA

Chomeka chaji, na betri iwe imejaa, si unajua umeme wetu. Kazi ni kama nusu saa, ila ikikatika katikati unaanza upya. Bonyeza alama ya Install iliyo kwenye kioo. Utaulizwa kama uongezewe "multimedia codecs", weka tiki kama una mtandao, ndiyo itakayocheza video zako.

Kisha kuna swali zito: kufuta diski yote, au kuweka Mint pembeni ya Windows. Kama bado una wasiwasi na diski ina nafasi, weka pembeni, kila ukiwasha utachagua. Lakini kabla ya hapo, ndani ya Windows zima "Fast Startup", na kama diski imefungwa kwa BitLocker ifungue kwanza. Kama nakala zako ziko salama na Windows huihitaji tena, futa yote. Ni safi zaidi.

HATUA YA 6: WAIFAI ILIYOKATAA

Swali la kila mtu: nitapakuaje draiva ya waifai wakati waifai yenyewe haipo? Jibu liko mfukoni. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia mipangilio ya hotspoti, washa "USB tethering". Linux itaiona kama waya wa intaneti, huhitaji kuweka draiva yoyote.

Ukishapata mtandao, fungua menyu, andika Driver Manager. Itakagua mashine na kukuonyesha draiva inayopendekezwa. Weka alama, bonyeza Apply, zima uwashe. Broadcom na Nvidia nyingi zinaishia hapo.

Kama mashine yako imewasha Secure Boot, utaombwa utunge nywila ya muda. Ukiwasha upya utaona kioo cha bluu. Watu wengi wanakipita, halafu wanalalamika draiva haifanyi kazi. Usikipite. Chagua "Enroll MOK", endelea, andika ile nywila. Hapo umeiambia mashine kwamba huyu mkalimani namfahamu.

Driver Manager isipoonyesha kitu, fungua Terminal uandike:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye "Network controller". Chini yake kukiwa na "Kernel driver in use", mkalimani yupo, tatizo ni lingine, pengine kitufe cha waifai kimezimwa. Kusipokuwa na mstari huo, mkalimani hayupo. Chukua namba zilizo kwenye mabano, mfano wake 14e4:4365, zitafute mtandaoni pamoja na neno Linux Mint. Ukiomba msaada, mpe mtu namba hizo. "Waifai yangu haishiki" haimsaidii mtu, namba zinamsaidia.

HATUA YA 7: PRINTA

Printa nyingi mpya za waifai zinajitokeza zenyewe. HP zina kifurushi chake kinaitwa hplip. Epson nyingi za wino zinatumia printer-driver-escpr. Kama hakijawekwa, ni hivi:

sudo apt update
sudo apt install hplip

Zile printa ndogo za risiti na za stika za vifurushi, uliza kabla ya kununua: "Ina draiva ya Linux?" Muuzaji akisema hajui, mwombe jina kamili la modeli, ukatafute mwenyewe. Usilipe kwanza.

KAZI ZA KILA SIKU

WhatsApp Web, Instagram, Facebook na Canva zote zinafanya kazi kwenye kivinjari kama kawaida. Hesabu za stoku utaandika kwenye LibreOffice Calc, inafungua mafaili ya Excel. Picha za bidhaa, chomeka simu kwa waya, kwenye simu chagua kuhamisha mafaili, folda inatokea.

Kingine kizuri kwetu wenye bando la kupima: Mint haisakinishi masasisho bila kukuuliza. Wewe ndiye unayeamua siku. Ila usikae miezi, ukifanya hivyo umerudi kulekule kwenye tundu lisilozibwa.

Washa Timeshift pia. Inapiga picha ya mfumo wako, jambo likiharibika baada ya sasisho unarudi jana. Na sasisho la kerneli likiua waifai, ukiwasha shikilia Shift au bonyeza Esc, ingia "Advanced options", chagua kerneli ya nyuma. Inarudi.

NANI ASIHAME?

Kama unategemea Photoshop, au programu ya mauzo iliyotengenezwa kwa Windows tu, usifute Windows mpaka mwenye programu akujibu. Kama laptopu ni ya watu wawili na mwenzako hataki, weka pembeni, msigombane. Na kama ni msimu wa oda nyingi, karibu na Idi au Krismasi, ahirisha. Kazi hii inataka siku tulivu, isiwe siku ambayo wateja kumi wanasubiri risiti.

Leo usiku anza na kitu kimoja tu: hamisha nakala zako, uzifungue uone. Hiyo haina hasara hata ukiamua kubaki na Windows. Ukikwama kwenye draiva, niandikie hapo chini modeli ya laptopu na zile namba za lspci, tutazisoma pamoja. Mtumie na mwenzako ambaye laptopu yake inamsumbua.