Msala Uanzie Nyumbani: Funzo la Mbulu na Hanang

Kwetu visiwani mtu hana haja kubwa ya kutazama saa ya ukutani. Adhana humwamsha, adhana humtoa kazini, na adhana humrudisha nyumbani. Mtoto hukua akidhani kwamba ibada ni jambo linalojiendea lenyewe, kama maji kujaa na kupwa. Kwa sababu hiyo wengi wetu hatujapata kujiuliza swali hili: mtu akitolewa katika mji wenye msikiti kila mtaa, akapelekwa mahali ambapo sauti ya mwadhini haifiki, ni kiasi gani cha dini yake kitakachobakia ndani ya nyumba yake baada ya miezi michache?

Swali hili linawahusu vijana wetu walio katika polisi, uhamiaji, jeshi na taasisi nyingine za Muungano, ambao hupangiwa kazi popote Bara. Linawahusu pia viongozi na watumishi wa serikali wa pande zote mbili, kwani mtumishi anayehama kila baada ya miaka michache huishi katika nyumba za watu, na aghalabu huishi kama mpita njia. Sisi tulijibiwa swali hili katika wilaya za Mbulu na Hanang, tulikopelekwa kwa kazi za Chama, na jibu lenyewe lilitutia aibu kabla ya kutupa faida.

Wilaya hizo zimo katika Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mbulu ni nchi ya miinuko, yenye baridi ambayo mtu wa pwani haizoei upesi. Hanang imetandaa chini ya mlima wenye jina hilo, unaopita mita 3,400, na makao yake makuu ni mji wa Katesh. Ni sehemu ya ajabu kwa mchanganyiko wa watu wake. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, lugha yao ni ya Kiniloti. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha ya peke yake, isiyo na nduguye. Na majirani zao Wanyaturu na Wanyiramba ni Wabantu kama sisi. Wakristo ni wengi, Waislamu huonekana zaidi mijini na katika vituo vya biashara, na wapo wanaoshika mila za wazee wao hadi leo.

Tulipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja wa Kiiraqw, Mkristo, mkulima wa mahindi na maharage. Kila usiku kabla ya kulala aliwakusanya mkewe, watoto na wajukuu. Taa ikipunguzwa, waliimba wimbo mmoja, wakasoma kifungu kimoja, wakaomba kwa maneno machache, kisha kila mtu akaenda kulala. Haikupita robo saa. Hawakuacha usiku wa mvua, wala usiku wa mavuno ambapo kila mmoja alikuwa hoi kwa uchovu. Nasi tulikaa chumbani tukiandika taarifa za mikutano.

Jioni moja mzee yule akatuuliza kwa upole: "Nyinyi watu wa pwani tumesikia kuwa ni watu wa sala. Mbona mnasali Ijumaa tu mnapokwenda mjini?"

Tukamjibu kwamba tuko safarini, na msafiri ana ruhusa. Mzee hakubisha. Lakini sisi tuliosomeshwa chuoni tangu tukiwa na miaka sita tulijua kwamba tumesema uongo. Safari humruhusu mtu kupunguza rakaa, haimruhusu kuiacha Sala. Tena msafiri gani huyo aliyekwisha kukaa miezi minne, ana kitanda chake, jiko lake na deni dukani? Ukweli ni kwamba ibada yetu ilikuwa imeegemea ukuta wa msikiti wa mtaani kwetu. Ukuta ulipoondoka, nayo ikaanguka.

Tangu hapo tulianza kutazama kwa makini jinsi watu wa huko wanavyoihifadhi ibada majumbani. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele katika miaka ya 1970: familia jirani hukutana kwa zamu katika nyumba ya mmoja wao, wakasali na kuulizana hali. Wairaqw wana dua yao ya asili iitwayo slufay. Mzee husimama akatamka, na waliohudhuria humwitikia kwa pamoja. Humwomba Looa, ambalo kwao ni jina la Mungu na pia ni jina la jua, na wanayoyaomba ni mambo ya maisha ya kila nyumba: mvua, uzazi, mifugo, na amani baina ya jirani na jirani. Hatusemi kwamba itikadi hizo ni zetu. Tunasema kwamba ndani yake tuliyaona mambo matatu ambayo sisi tulikuwa nayo tukayapoteza: wakati maalumu, mahali maalumu, na maneno yaliyozoeleka na ulimi hata mtu hahitaji kuyatafuta.

Mambo hayo si mageni katika dini yetu. Tumefundishwa kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache, na kwamba sala za sunna ni bora zaidi zikisaliwa nyumbani. Wazee wetu walilielewa jambo hili. Ndiyo sababu katika pwani yetu yote ulienea uradi wa Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyeishi kati ya mwaka 1634 na 1720. Ratibu yake ni fupi, hukaririwa, na mtu wa kawaida huihifadhi bila ya kuwa mwanachuoni. Bibi zetu waliisoma sebuleni baada ya isha, nasi watoto tukaitikia huku tukisinzia. Hatukujua kwamba usingizi ule ulikuwa darasa.

Basi tukaanza upya katika chumba kile cha kupanga, na yale tuliyoyajaribu tunawaeleza wasomaji wetu bila ya kudai elimu.

Kwanza, tulitenga pembe moja. Msala ukatandikwa hapo na haukukunjwa, msahafu ukawekwa juu ya kasha, na pembe ile haikutumiwa kwa viatu wala mafaili. Pili, tuliifunga ibada ya ziada na jambo ambalo tayari lipo. Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya maji ya chai kuchemka, ukurasa mmoja wa Kurani; baada ya kila sala ya faradhi, tasbihi, tahamidi na takbiri kwa hesabu yake inayojulikana; baada ya isha, uradi. Tatu, tulijizuia kuongeza kwa pupa. Mtu anayeanza na juzuu nzima Jumatatu, aghalabu Alhamisi hana hata aya moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, siku tuliyoteleza hatukungojea Ramadhani ije itutengeneze. Tuliendelea sala iliyofuata. Tano, simu ilibaki chumba cha pili, kwani chombo hicho hakina adabu ya kujua kwamba mtu anazungumza na Mola wake. Na tuliporudi kuishi na jamaa zetu, tuliwashirikisha. Ibada ya baba peke yake chumbani ni njema, lakini mtoto asiyeisikia hatairithi.

Lipo jambo jingine ambalo makada na watumishi lazima tulitaje, kwa kuwa historia ya wilaya hizi inatudai. Nyumba ikiwa ndiyo mahali pa kwanza pa ibada, basi anayeigusa nyumba ya mwananchi anaigusa ibada yake. Sisi tumezaliwa baada ya Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, lakini tumewasikia wazee wakisimulia jinsi kaya zilivyohamishwa kwenda vijijini. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati. Lakini ni nani katika wakubwa wa wakati ule aliyeuliza kama katika boma linaloachwa kuna kaburi la baba, au kama chemchemi inayoachwa ina heshima yake? Kwa Wairaqw, chemchemi ni maskani ya neetlaang'w, viumbe wasioonekana wanaochungwa kwa hadhari kubwa.

Kwa Wabarabaig jambo hili lilikuwa zito zaidi. Mzee wao mwenye heshima anapofariki hufanyiwa bung'eeda, mazishi yanayochukua miezi mingi, na juu ya kaburi hujengwa kichuguu kirefu cha udongo. Kaburi hilo ndilo kizazi chake hulirejea kwa dua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma katika nyanda za Basotu, ambayo hatimaye yalifikia saba, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000. Taifa lilihitaji ngano, na ngano ilipatikana. Lakini Wabarabaig walilalamika, mahakamani na mbele ya wafadhili wenyewe, kwamba malisho yao yamechukuliwa na makaburi ya wazee wao yamelimwa kwa trekta. Dereva wa trekta aliona kichuguu tu. Hakuna aliyemweleza kwamba pale ni mahali pa dua.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu wa imani na wa dini. Tumezoea kusema kwamba serikali haina dini bali wananchi wanazo. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haimpi ruhusa mtumishi kutokujua. Afisa anayepima ardhi aulize yalipo makaburi kabla ya kufunga kamba. Anayepanga mkutano wa kijiji aulize saa za ibada za watu wa pale. Na tunaamini kwamba yule mwenye pembe yake ya msala nyumbani ataiheshimu kwa wepesi pembe ya mwenziwe, kwani anajua thamani yake.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwamo. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na nyumba nyingi zilisombwa pamoja na kila kilichokuwamo. Katika saa kama ile hakuna pembe, hakuna msala, hakuna kitabu. Mja hubaki na yale tu aliyoyazoeza moyo wake siku za salama, na moyo hauzoezwi kwa siku moja. Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki na awape subira waliobaki.

Ndugu wasomaji, tulipokaribia kuhama, mzee wetu alitualika chakula cha mwisho sebuleni kwake. Magharibi ikaingia tukiwa bado tunazungumza. Hakusema kitu. Aliinuka, akasogeza vigoda, akamwambia mjukuu afagie upande mmoja wa chumba, kisha akakaa nje na jamaa zake mpaka tulipomaliza. Halafu wakaingia, nasi tukakaa kimya walipoimba wimbo wao.

Hatukujadiliana dini usiku ule. Lakini tuliondoka tukijua kwamba nyumba moja inaweza kuwatosha watu wawili wanaomcha Mungu kwa njia mbili, ikiwa kila mmoja anaicha kweli, hata pale asipoonekana na watu. Asiyekuwa na pembe yake nyumbani aitenge leo, kabla ya magharibi.